Mwendo wa Betri Zilizochoka

Marahaba, wajukuu zangu. Nimezipokea shikamoo zenu zote, na ile ya kijana aliyeitoa huku macho yake yako kwenye simu nimeipokea pia, ila nusu. Mlikuja Jumapili na kompyuta yenu, mkakaa kwenye mkeka wangu, mkanipigia wimbo wetu wa zamani mlioupata sijui wapi, kisha mkaniambia, "Bibi, tunataka kuurudia huu wimbo, lakini umelala sana. Turuhusu tuuongezee kasi." Nikasema nitawajibu. Sikutaka kuwajibu palepale kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na mtu mzima akikasirika mbele ya wageni chai huharibika.

Sasa hasira imeshuka, naandika. Wimbo ule haujalala. Mwendo ule tuliupata kwa makosa, tukaupigania kwa makusudi, na siku moja ulikaribia kutuponyoka pamoja na mwenzangu Hamisi. Someni mpaka mwisho, ndipo mniombe ruhusa tena.

Kwa ambao hawakuwepo Jumapili: mimi ni Yunisi, mpiga kinanda wa kundi lililoitwa Wawili Tu. Nimezaliwa Iramba, nimelelewa kwenye kwaya, na kazi yangu yote nimeifanyia kwenye harusi za watu. Hamisi ni mtu wa Manyoni, fundi redio aliyefungua kibanda chake Singida mjini, na sauti yake ilikuwa nzito hata akikusalimia asubuhi kikombe kinatikisika. Wengi walidhani ni mume wangu. Mume wangu wa kweli alikuwa akiuza vitunguu, hakuweza kuimba hata wimbo wa shule, na ndiye aliyetubebea spika miaka yote ile bila kulalamika, Mungu amrehemu.

Kabla ya Hamisi nilikuwa na mwalimu. Aliitwa Mwalimu Shila, alikuwa akifundisha kwaya kanisani kwetu, mtu mfupi mwenye koti moja tu. Alinifundisha kinanda kile cha kukanyaga kwa miguu, ambacho ukiacha kukanyaga kinakata pumzi katikati ya pambio na waumini wote wanageuka kukutazama. Siku moja nilipiga vizuri sana, au nilidhani hivyo, nikamgeukia nikitegemea sifa. Akaniuliza, "Uliitazama miguu ya watu?" Nikasema, "Mwalimu, nilitazama kitabu." Akasema, "Kitabu hakichezi. Mkono wako wa kushoto ndio unaobeba miguu ya watu. Uso unaweza kukudanganya kwa heshima, lakini mguu haujui adabu. Tazama miguu." Kama mtachukua neno moja tu kwenye maandishi haya, chukueni hilo la Mwalimu Shila, mengine ni mazungumzo yangu.

Basi ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Nyinyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamuwezi kujua. Sisi tulizoea rafu tupu, na sabuni ikifika mjini habari zake zilienda mbio kuliko gari. Betri za redio ndizo zilikuwa shida kubwa kuliko zote. Hatukuzitupa. Zikichoka tulizianika juani juu ya jiwe, zikapata moto, tukazirudisha redioni zikasema maneno mawili matatu tena. Wapo waliozigonga kwa jiwe zibonyee, na wapo waliozing'ata kwa meno, nami nawaomba msijaribu. Halafu mipaka ikalegezwa na vitu vikaanza kuingia: mitumba, redio kaseti, na siku moja kinanda cha umeme, cheusi, kifupi kama ubao wa kukatia nyama, chenye ngoma ndani yake. Hamisi alikinunua kwa mfanyabiashara aliyetoka nacho Dar es Salaam na hakujua kukiwasha. Akaniita kibandani kwake akisema, "Dada Yunisi, njoo ukitazame hiki, mimi naijua mifupa yake, wewe utaijua roho."

Kaseti ilikuja baadaye kidogo, na dereva wa lori. Ilikuwa imenakiliwa, haina jalada, juu yake mtu ameandika kwa kalamu "Wazungu". Tuliipenda mara moja. Kinanda kinatembea chini, ngoma haikosei hata mara moja, na juu yake mtu anaimba taratibu kama anayekueleza jambo la kwao. Tulidhani ni bendi kubwa. Mpaka siku tulipoingia kwenye kibanda cha video karibu na soko tukawaona wenyewe, jenereta ikinguruma hata tusiusikie wimbo vizuri. Waingereza wawili. Mmoja kasimama nyuma ya kinanda hatikisiki, kama mtu anayesubiri basi la asubuhi. Mwingine anaimba huku amenuna. Tukakodoa macho pembeni mwa picha tukingoja wengine waingie, wapiga magitaa, wapuliza tarumbeta, wacheza shoo. Hawakuingia. Hamisi akanigusa bega akasema, "Dada, ni wawili tu!"

Mjue kwamba siku zile bendi ilikuwa na watu wa kujaza lori. Ukiialika harusini unachinja ng'ombe wa wageni na mwingine wa bendi. Sisi tulitoka kwenye kile kibanda cha video tukiwa tumeshaamua. Harusi yetu ya kwanza, baba mwenye shughuli alikuja kutupokea, akatazama nyuma yetu barabarani, akauliza, "Na wengine wako wapi?" Hamisi akajibu, "Ni wawili tu, mzee." Akauliza tena kama hakusikia, akajibiwa vilevile, na jina likatushika hapohapo. Tukapewa chakula cha watu kumi tukashindwa kukimaliza.

Sasa sikilizeni kosa letu. Zile nyimbo za kaseti tulijifunzia kwenye redio ya Hamisi ya betri, kwa sababu umeme wa mjini ulikuwa unakuja na kuondoka unavyotaka. Na betri zilikuwa zilezile za kuanika. Betri ikichoka, utepe wa kaseti unatembea polepole, na sauti inashuka chini. Fundi redio mzima alikuwa amekaa mbele yangu, naye hakuliwaza hilo, kwa sababu hatukuwahi kuisikia ile kaseti kwa mwendo mwingine. Nilihangaika kuutafuta wimbo kwenye kinanda nikakuta uko katikati ya vibao viwili vya kubonyeza, si huku wala kule. Nikamwambia Hamisi, "Waingereza wana sauti zao, si kama zetu." Akatafuta kidude cha kurekebisha sauti ya kinanda nyuma, akakishusha mpaka tukapatana nao. Kisha nikaishusha kasi ya ngoma mpaka ikalingana na kaseti. Tukapiga hivyo kila Jumamosi, tukaanza kutunga nyimbo zetu wenyewe kwa mwendo huohuo, na watu wakacheza.

Aliyetufumbua macho ni kijana mmoja wa chuo, alikuja harusini Singida mjini na redio kubwa ya kuchomeka ukutani. Tulipopumzika akanifuata akicheka mpaka machozi. "Mama, mbona mnauburuza ule wimbo? Unapelekwa mazishini?" Akachomeka redio yake, akaweka kaseti ya wale wazungu, iliyo halisi. Jamani. Wale watu walikuwa wanakimbia! Hamisi alisimama pale na soda mkononi bila kuinywa. Nilitamani kujifunika kitenge uso mzima.

Wiki ile hatukulala kwa mazoezi. Tukaongeza kasi, tukajifunza upya, tukaenda Mungaa kwenye harusi tukiwa tumejiandaa kuwa Waingereza kamili. Nikaanza. Nikafanya kama Mwalimu Shila alivyonifundisha, nikatazama miguu. Watu waliinuka, wakajaribu, wakagongana, wakatazamana, wakarudi kukaa mmojammoja. Mama mmoja alikuja akaniinamia sikioni, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, una safari?" Nikamtazama Hamisi, naye akanitazama. Nikashusha kasi mpaka pale petu pa zamani. Kabla hajaimba maneno mawili, vumbi lilikuwa limeshaanza kupanda. Wazee walikuwa wanacheza kwa mabega, akina mama kwa magoti, na kila mguu ulikuwa unatua mahali pake.

Wakati wa kurudi, juu ya mizigo ya lori, nilimwambia Hamisi, "Wale wa Uingereza wana mwendo wao na sisi tuna wetu. Kuanzia leo siushushi wala siupandishi kwa ajili ya mtu yeyote." Akasema, "Hata akija waziri?" Nikasema, "Waziri naye ana miguu."

Tukakua, siwezi kuficha. Tukaitwa Manyoni, Itigi, Kiomboi, mpaka Rungwa kule porini ambako tulilipwa debe la asali na tukalifurahia. Tulijifunza kazi. Kinanda kifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, upepo wa Singida unaingiza mchanga hata kwenye yai. Usichukue umeme wa mwenye harusi kabla fundi hajaupima. Hamisi alitengeneza kifaa cha kutumia betri ya gari, kwa hiyo umeme ukikatika wengine wanawasha taa za chemli, sisi tunaendelea kama hatukuambiwa. Na usile pilau kabla ya kuimba. Hilo Hamisi alilijua, ila hakulifuata.

Ndipo tukaenda Dar es Salaam kurekodi. Tulipanda treni Manyoni, kinanda kimefungwa kwenye blanketi, kila abiria anauliza mgonjwa ni nani. Mwenye studio alikuwa kijana nadhifu, mwenye haraka. Tulipomaliza wimbo wa kwanza akazima mitambo yake akasema, "Dada, wimbo mzuri, ila umesinzia. Mjini watu hawana muda. Tupandishe."

Nikasema, "Hatupandishi."

"Kidogo tu."

"Hata kidogo. Hao wasio na muda wasiununue."

Akamgeukia Hamisi akidhani mwanamume atamsaidia. Hamisi akasema, "Mimi naimba tu, kaka. Miguu anaitazama yeye." Yule kijana akacheka, akainua mikono, akaturekodi kama tulivyotaka. Tukarudi nyumbani kifua mbele.

Sanduku la kaseti lilikuja na basi. Hamisi hakuweza kungoja. Umeme ulikuwepo siku ile, akatoa spika kubwa nje ya kibanda, akawaita wauza nyanya, wauza kuku, mafundi baiskeli, soko zima. Mimi nilivaa gauni la kanisani. Akaweka kaseti, akabonyeza. Na sauti iliyotoka haikuwa ya Hamisi. Ilikuwa ya kijana mdogo, nyembamba, inakwenda mbio. Mwenye studio alikuwa ameukimbiza utepe wakati wa kunakili. Nilipompigia simu kutoka posta aliniambia bila wasiwasi, "Niliwasaidia kidogo tu, dada. Mtakuja kunishukuru."

Soko lilicheka. Nasema ukweli, hata mimi ningecheka kama angekuwa mtu mwingine. Mmoja wa wauza kuku akapaza sauti, "Hamisi, kumbe wewe ni kifaranga!" Basi. Kwa mji wenye kuku wengi kama wetu, jina hilo halikuhitaji kusukumwa. Watoto walikuwa wanapita kibandani kwake wakilia "piu piu" na kukimbia. Mtu aliyekuwa akisalimia vikombe vinatikisika akaanza kusalimia kwa kichwa tu.

Nilimkuta amekaa nyuma ya meza yake ya ufundi, amefungua redio ya mtu, hafanyi kitu. Akasema, "Dada Yunisi, mimi nimemaliza. Sauti ndiyo mali niliyopewa, na sasa nchi nzima wanaijua ile nyingine. Nitatengeneza redio."

"Na mimi?"

"Tafuta mwimbaji. Waimbaji wapo."

Niliumia, wajukuu zangu. Waimbaji walikuwepo kweli, lakini hakuna aliyekuwa ametoka na mimi kwenye kile kibanda cha video. Na niliogopa jambo moja zaidi, ambalo sikumwambia: kama akiacha yeye, watu watajua mwendo wetu kwa ile kaseti peke yake, na wa kweli utakufa kama haukuwahi kuwepo. Nikasema moyoni, hauwezi kufa nikiwa na mikono. Kesho yake nikaenda kibandani kwake, nikakaa kwenye benchi. Keshokutwa yake nikaenda tena. Sikumsihi wala sikumlaumu, nilikaa tu na kufuma vitambaa, mpaka wateja wakaanza kunikabidhi redio zao wakidhani nimeajiriwa. Mwisho akatupa bisibisi mezani. "Unataka nini, mama?"

"Tuna harusi Kinyangiri. Tulishawaahidi kabla ya kaseti."

"Siimbi."

"Sijakwambia uimbe. Nani ataniunganishia nyaya?"

Akaiokota bisibisi, akaipangusa kwa kitambaa. Kisha akasema, "Nitaunganisha nyaya. Siimbi, na baada ya Kinyangiri tusisumbuane." Tukaenda hivyo, mume wangu kabeba spika, Hamisi kabeba plaizi, mimi nimebeba kinanda na moyo mzito. Nilikuwa nimejiandaa kupiga bila mwimbaji na kuaibika peke yangu.

Walikuwa wamefunga turubai mbele ya nyumba, mbuzi wameondolewa zizini ili wageni wapate nafasi, vijana wa kanisani na vijana wa msikitini wote wamo, maana pale ndoa huwa ni ya kijiji. Hamisi akaunganisha betri ya gari, akachuchumaa nyuma ya spika asionekane. Nikaweka ngoma pale petu pa siku zote. Nikaanza na mkono wa kushoto peke yake, ule wimbo wetu, huohuo mnaotaka kuukimbiza. Nikatazama miguu.

Miguu ilishatua. Kabla sijaleta mkono wa kulia, watu walikuwa wanaimba. Si vijana wachache, ni uwanja mzima, na walikuwa wanaimba maneno ya Hamisi kwa sauti ya chini, nzito, wanaume wamekaza shingo ili wamfikie. Na mwendo ulikuwa wetu. Haukuzidi, haukupungua. Nilidhani nimekosea nikatazama kinanda, kumbe sijakosea. Hamisi akainuka nyuma ya spika na plaizi mkononi, mdomo wazi.

Wimbo ulipokwisha alimwendea mama mzaa bwana harusi, aliyekuwa mbele kabisa ya wachezaji, kanga imemlegea kwa kucheza. Hakusalimia hata. "Mama, mmejifunza wapi huu wimbo?"

"Si kwenye kaseti yenu, baba."

"Kaseti inakimbia! Ina sauti ya kifaranga!"

Yule mama akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Inakimbia ukiweka betri mpya. Nani kakwambia uweke betri mpya? Betri mpya ni za taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Ngoja." Akaingia ndani, akatoka na kopo la kahawa. Ndani yake mlikuwa na betri kuukuu, zimebonyea, moja imeota kutu. "Hizi ni zenu. Zikichoka sana mnakuwa kama mnalia, basi naziweka juani kidogo. Lakini nisizisahau, nikizianika mpaka mchana mnaanza kukimbia. Hapa kijijini wote tunafanya hivyo, muulize jirani."

Hamisi alilishika lile kopo kwa mikono miwili. Nilimwona anacheka, kisha nikamwona anajifuta macho kwa mkono wa shati, na mimi nikajifanya nafuta vumbi kwenye vibao. Akatia plaizi mfukoni, akashika maiki, akasema, "Habari za jioni, Kinyangiri," na nawaambieni, hata masufuria ya jikoni yaliitikia. Akaimba mpaka mume wangu akaja kutuuliza kama tumehamia.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu. Wimbo chukueni, sikatazi, mziki si maiti ya kufungiwa. Mkitaka kuuongezea kasi, ongezeni. Lakini mwanzo mkaupige Kinyangiri mbele ya watu, bila kuangalia ile kompyuta, mtazame chini. Mkiona miguu imekubali, mimi ni nani nibishane na miguu? Mkiona watu wanarudi kukaa, mjue la kufanya.

Siku ile wakati wa kuondoka, mizigo ikiwa tayari juu ya gari, Hamisi alirudi kwa yule mama akiwa bado ameshika kopo. Akamwomba kwa heshima yote amwachie zile betri, akaziweke kibandani kwake mahali pa kuonekana, kila mtu wa soko azione. Alimwahidi kumletea mpya, boksi zima. Yule mama akamnyang'anya kopo akalifunika kwa kiganja.

"Mpya nizifanyie nini?" akasema. "Mkishaondoka, nitawasikiliza kwa zipi?"